Bosi, minzi, na baba anayeishi ndani ya simu

Saa nne usiku, Bosi (ndo mtoto ninayemlea) kalala, umeme upo, bando lipo, basi leo niandike maana kila siku nasema kesho. Wengi mnaniuliza kwenye mesiji "vipi, bado unasubiri tu huko Mwanza?" Hilo neno kusubiri siku hizi linanichekesha. Kusubiri ni kukaa benchi ukiangalia saa. Mimi tangu nikabidhiwe huyu mtoto benchi nimekalia moja tu, la ofisi ya ustawi wa jamii, na hata pale nilikuwa namkimbiza kwenye korido.

Kwa wasiojua stori: mimi mtu wa Lushoto, naishi Toronto na mume wangu mwaka wa kumi na moja huu, pasi zetu bado za Tanzania. Tukaamua kuasili mtoto huku nyumbani. Na hili jambo si la kuja na begi ukaondoka na mtoto, kwanza unakaa naye, ustawi wanakuja kukuangalia mnaishije, wanaandika ripoti, ndo faili linaenda Mahakama Kuu. Na sisi tuna nafuu, ukiwa si raia Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka uwe umeishi nchini miaka mitatu mfululizo. Kazi ya mume wangu haimruhusu kukaa huku miezi yote hiyo, kwa hiyo nikaja peke yangu, nikapanga vyumba viwili Bwiru kwa mama mmoja wa Kisukuma ambaye bila yeye sijui ningekuwa wapi saa hizi.

Kwenye makaratasi hiki kipindi kinaitwa malezi ya kambo. Jamani aliyechagua neno hilo! Mama mwenye nyumba alipolisikia alishtuka kabisa, "kambo? Mwanangu, wewe unamnyanyasa huyu mtoto?" Maana kwenye hadithi tulizosimuliwa wote mama wa kambo anajulikana kazi yake. Ikabidi nimuelezee kwamba ni lugha ya ofisini. Akasema basi ofisini hawakulelewa na bibi zao.

Bosi (simtaji jina na picha siweki, msiniombe) ana miaka miwili na miezi kadhaa. Siku ya kwanza hakulia. Nilijisifu nikampigia mume wangu nikamwambia mtoto ametulia hana shida, kumbe mtoto asiyelia siku ya kwanza ndo wa kumuangalia vizuri. Alikuwa anakula haraka haraka kama ana gari la kuwahi, na kila akimaliza anabaki na tonge la ugali kwenye ngumi, ukijaribu kulitoa anakukazia macho. Analala nalo. Asubuhi naokota vipande vya ugali mkavu kitandani, sisimizi wameshapanga foleni. Nikaacha kumnyang'anya, nikawa namwekea kibakuli chenye matobolwa karibu na mto wake (viazi vitamu vya kuchemsha vikakaushwa, wenyeji wa huku wanavijua, haviozi haraka na havinuki) akiamka anapapasa, anakuta kipo, analala. Wiki ya tano hivi kibakuli kikaanza kubaki kimejaa.

Ila usiku wenyewe ulikuwa vita. Kule alikotoka walikuwa wanalala watoto chumba kizima, mmoja akikohoa mwingine anageuka, sasa huku kimya na kitanda kikubwa, nani asiogope. Nikashusha godoro chini tukalala wote, chandarua nikakifunga kwenye misumari ya dirisha. Usiku wa nne akaamka analia "minzi! minzi!" Mimi sijui minzi ni nini. Nikampa mdoli, akautupa. Nikafikiri ni jina la mtoto mwenzake, au mlezi wake, nikaanza kulia na mimi hapo hapo nikimwambia Minzi atakuja kesho mwanangu, Minzi atakuja. Saa kumi alfajiri nikagonga kwa mama mwenye nyumba, akatoka na kanga moja, akasikiliza sekunde mbili tu. "Mtoto ana kiu. Anataka maji." Hahaha yani mtoto amelilia maji nusu saa nzima na mimi nimekaa pembeni ya ndoo. Na kilichoniuma zaidi Kisambaa chetu maji ni mazi, ningetuliza akili kidogo ningehisi. Kuanzia hapo nikanunua daftari, kila neno la Kisukuma analosema naandika, jioni nampelekea mama ananitafsiria huku anapepeta dagaa. Nami nikaacha kuongea naye vi-Kiingereza vyangu vya mazoezi ya safari. Vitakuja. Kwanza minzi.

Mambo mengine madogo madogo: nilirudi kule kwa walezi wake nikaomba niambiwe wanawaogeshea sabuni gani, nikanunua ile ile ya mche, ile ya kopo yenye picha ya mtoto niliyotoka nayo Toronto nikampa jirani. Mgongoni anakubali kitenge, lile begi la kubebea watoto lililonigharimu dola nyingi hataki hata kuliona, na mgongo wangu kwa kweli unakubaliana naye. Ziwani tunaenda jioni kuangalia mitumbwi na yale mandege makubwa ya upara yanayotembea kama wazee wa kikao, lakini majini hashuki. Watoto wa mtaani wanapiga mbizi wananicheka mama muoga, sawa nacheka na mimi, ila kichocho kinatoka kwenye konokono wa majini hapo hapo pembeni penye majani na faili langu sitaki liongezeke karatasi.

Mwezi wa pili akapata homa. Usiku, mwili kama jiko, nikamfunga mgongoni nikaita bajaji hadi zahanati. Wakamtoboa kidole, malaria. Sasa yule nesi anajaza daftari ananiuliza "wewe ni nani wa mtoto?" Barua ya ustawi ninayo kwenye pochi, naitembeza kwenye mfuko wa nailoni kama hati ya shamba, nikaanza kuichomoa nielezee mimi ni mlezi, kesi bado haijasikilizwa, baba yake yuko nje... Nesi akanikata, "dada, watu ni wengi. Niandike mama?" Nikasema andika mama. Wakapima kilo zake, wakatupa dawa mseto ya siku tatu asubuhi na jioni, dozi ya kwanza akaitapika pale pale kwenye blauzi yangu ikabidi irudiwe. Nilikaa macho usiku tatu. Ustawi walipokuja wiki ile kuangalia mazingira walikuta nyumba imevurugika, vyombo juu ya vyombo, mimi nimevaa gauni nje ndani. Nilijua nimefeli. Afisa akaangalia mtoto alivyonishika shingo, akaandika kitu, akaomba chai.

Sasa habari ya baba. Kila siku saa mbili usiku, kule saa saba mchana yuko kwenye chakula cha kazini, tunaongea kwa video. Mwanzoni Bosi alikuwa anajificha nyuma yangu maana alikolelewa walikuwa wanawake watupu, sauti nzito hajazoea. Taratibu akaanza kumuonesha kiatu, kijiko, paka. Akajua huyu ni baba. Tatizo akaelewa kwamba baba ni simu. Yani kwenye daladala simu ya mtu yeyote ikiita anapiga kelele "baba!", watu wanageuka, konda ananiangalia, siku nyingine kijana wa watu alikuwa amekaa na mchumba wake simu ikaita kwenye mfuko wa suruali... niishie hapo.

Wiki iliyopita baba mwenyewe akaja, siku kumi za likizo. Airpoti nimemvalisha Bosi shati, nimemuelekeza wee, baba huyu anakuja. Mume wangu akatoka, akachuchumaa, machozi tayari. Bosi akamuangalia juu mpaka chini, akageuka, akanyoosha mkono kwenye pochi yangu. "Baba," anataka simu.

Siku mbili hakumkaribia. Mume wangu hakusema kitu lakini nilimuona anavyokula. Siku ya tatu saa mbili usiku simu yangu ikaita. Nikatazama, namba ya mume wangu, na mwenyewe hayupo sebuleni. Bosi akaikimbilia, akamuonesha kijiko. Baba akamsifia kijiko. Halafu Bosi akanyamaza, akainua kichwa, maana sauti ilikuwa inatoka sehemu mbili. Akashuka kwenye kochi na simu mkononi akaenda hadi dirishani, na pale nje chini ya mwembe, anang'atwa na mbu, alikuwa amesimama mtu mzima anaongea na simu.