Ndoo ya lita 5 inatosha

Wiki hii nzima nimekuwa na swali moja kichwani, nalala nalo naamka nalo: ukitengeneza mashine ya kujaza maji yenyewe kwenye tanki la matumbawe, unaitengeneza kwa ajili ya siku inafanya kazi vizuri au kwa ajili ya siku itakayogoma? Jibu langu ni siku ya kugoma. Na leo nimemaliza kufunga boya la pili la mashine yangu nikaona bora niandike yote wakati bado yako moto kichwani, maana nikiacha mpaka wiki ijayo nitabaki na waya tu bila kukumbuka kwa nini niliupitisha pale.

Tanki langu ni dogo, liko sebuleni hapa Shangani, Mtwara, sentimita 60 kwa 35, maji yake kama lita 60 hivi. Ndani kuna mawe, samaki wawili, konokono kadhaa, na matumbawe laini ambayo ni vipande nilivyopewa na jamaa wa Dar anayekuza mwenyewe kwenye matanki yake, sijang'oa kitu baharini na sitang'oa. Watu wa huku tunajua habari za miamba yetu, kuanzia mabomu ya wavuvi mpaka tanuri za chokaa, kwahiyo hilo kwangu halina mjadala.

Sasa shida ya tanki dogo ni moja kubwa kuliko zote, maji yanapungua. Bahari haipungui, tanki linapungua kila saa, na likipungua kinachoondoka ni maji matupu, chumvi yote inabaki. Bibi jirani yangu alikuja siku moja akanikuta nachuja maji ya mvua, nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, halafu akauliza, "Bahari si hiyo hapo, unahangaika na maji ya mvua ya nini? Chukua dumu ukachote." Swali lake ni zuri sana na ndilo watu wote wa pwani wanalouliza. Nikamwambia bibi, wale wenye mabwawa ya chumvi wanafanyaje? Akasema wanaingiza maji ya bahari, jua linayala, chumvi inabaki. Nikamwambia basi na mle ndani ni hivyohivyo, nikiongeza ya bahari kila siku naongeza chumvi juu ya chumvi. Akanyamaza kidogo akasema "kumbe unapika chumvi bila kutaka." Nimeipenda hiyo kauli na mpaka leo sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Kwa hesabu iko hivi. Maji ya bahari ya kawaida yana gramu 35 za chumvi hivi kwa lita, kwahiyo lita 60 zimebeba kilo 2 na gramu 100. Zikiondoka lita 3 bila kurudishiwa zinabaki lita 57 na chumvi ni ileile, unafika karibu 37. Inaonekana ni tofauti ndogo lakini tumbawe halina namna ya kuzuia, mwili wake unafuata chumvi ya maji yaliyolizunguka, ikipanda nje na ndani inapanda, ikishuka hivyohivyo. Samaki ana figo za kumsaidia kidogo, tumbawe halina. Kwahiyo ukikaa siku tatu bila kujaza halafu unamwaga jagi zima kwa mpigo, hujalisaidia, umelivuta huku na huku. Na ukilitazama kwa makini unaliona, linajikunja, vile vidole vyake havifunguki vizuri mpaka baadaye sana.

Halafu huku kwetu kuna upepo. Msimu wa kusi, Juni Julai Agosti, hewa ni kavu na dirisha likiwa wazi maji yanaliwa kuliko wakati wa masika ambapo hewa yenyewe imeloa. Joto likija Novemba Desemba natumia feni juu ya tanki maana mashine ya kupoza maji ni bei ya kutisha, na feni inapoza kweli kwa sababu maji yanapogeuka mvuke yanaondoka na joto jingi mno, lita moja tu ni kilojuli 2,400 hivi. Lakini ndio hiyo hiyo lita sasa, lazima irudi. Kwahiyo kila nikipoza napunguza, na kiasi kinachopungua leo sio cha jana. Hapo ndipo mkono wa mtu unaposhindwa, sio uvivu, ni kwamba huwezi kukaa umelitazama tanki mchana kutwa.

Njia ya kwanza niliyoifikiria ni chupa iliyopinduliwa, mdomo unagusa uso wa maji, maji yakishuka chini ya mdomo hewa inaingia na maji yanatoka, kama vile vyombo vya kunyweshea vifaranga. Haina umeme, haina waya, naiheshimu. Tatizo lake ni joto la mchana, hewa iliyomo juu ya chupa inatanuka inasukuma maji nje wakati tanki halijaomba. Kwa tanki la mezani lisilopigwa na jua ni sawa, kwa sebule yangu inayotazama magharibi hapana.

Ya pili ni dripu. Hii naipenda sana na namshauri yeyote anayeanza aanze nayo. Unaenda duka la dawa unanunua mrija mpya wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kubana, unaufunga kwenye kidumu kilichowekwa juu, basi. Mrija wa kawaida wa watu wazima unatoa matone 20 kwa mililita moja, kwahiyo lita moja na nusu ni matone 30,000, ukigawa kwa dakika za siku nzima unapata kama 21 kwa dakika. Unakaa na saa unahesabu unakaza unalegeza mpaka inakubali. Uzuri wake ni kwamba hata ikiharibika inaharibika polepole, haiwezi kumwaga kidumu kizima usiku mmoja labda kigurudumu kilegezwe kabisa. Ubaya wake haina macho. Upepo ukibadilika yenyewe inadondosha ileile.

Macho ni boya, linashuka na maji na kuwasha pampu ndogo inayoleta maji kutoka kwenye ndoo. Vile viboya vidogo vya plastiki vinavyouzwa Kariakoo, unaagiza vinakuja na basi, ndani ya boya kuna sumaku na ndani ya kishina chake kuna vijibati viwili vyembamba ndani ya kioo, sumaku ikisogea karibu vinagusana, ikiondoka vinaachana. Rahisi na maridadi. Lakini vijibati vile ni vyembamba kweli, havibebi umeme mwingi, ukipitisha umeme wa pampu moja kwa moja mule iko siku vitang'ang'aniana na pampu haitazimika tena. Kwahiyo boya langu linaamrisha rilei tu, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo sana, halafu rilei ndiyo inawasha pampu, na juu ya koili ya rilei nimeweka dayodi, kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ya kumeza ule mrusho wa umeme unaotokea inapozima. Kila kitu ni volti 12 kutoka betri ndogo ya aina ya UPS, zile za kushikilia kompyuta umeme ukikatika, yenye chaja, umeme ukikatika mashine haina habari. Ule umeme wa ukutani sitaki kabisa ukae karibu na maji ya chumvi, na hata waya wa chaja nimeuacha ushuke chini ya soketi kwanza ndio upande, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi.

Boya nimelitia ndani ya kipande cha bomba la PVC lenye kitundu kidogo chini, maana pampu nyingine ya kuzungusha maji ndani ya tanki inafanya mawimbi na boya likiachwa wazi linacheza juu chini, rilei inalia ta ta ta ta usiku kucha na haitadumu. Ndani ya bomba maji yametulia.

Sasa tuje kwenye siku ya kugoma, ndipo moyo wangu ulipo.

Boya linaweza kukwama kwa namna mbili na hazilingani hata kidogo. Likikwama juu kwa sababu ya chumvi iliyoganda, pampu haiwaki, maji yanashuka taratibu, asubuhi unaona mstari mweupe kwenye kioo unajua. Likikwama chini ndio balaa, na kinacholikwamisha chini mara nyingi ni konokono. Anapanda usiku, anakaa juu ya boya, analilemea, mashine inaamini tanki limekauka na inasukuma maji mpaka ndoo iishe. Konokono hana kosa, ndio maisha yake, anatafuta ukungu wa kula. Mashine ndio inatakiwa imfahamu.

Ndio maana kuna boya la pili, juu ya lile la kwanza kwa sentimita moja, limeungwa kwa mfululizo, yaani umeme lazima upite kwa wote wawili ndio pampu iende. La chini likidanganya, la juu linakata. Na lote limefunikwa kwa wavu wa plastiki konokono asipenye. Lakini hata hayo mawili siyategemei. Ninachokitegemea ni ndoo.

Watu wengi nawaona wanataka chombo kikubwa, lita 20, lita 40, ili wasafiri wiki mbili bila wasiwasi. Naelewa hamu hiyo. Ila piga hesabu: lita 20 zote zikiingia kwenye lita 60, chumvi inashuka kutoka 35 mpaka 26, na hapo sijasema maji yaliyomwagika sakafuni. Matumbawe hayatoki salama hapo. Lita 5 zikiingia zote, inashuka mpaka 32 na kidogo. Yatajikunja, yatakasirika, yataishi. Na uso wa tanki langu ni sentimita za mraba 2,100, kwahiyo lita 5 ni kina cha sentimita mbili na nusu hivi, mimi nimeacha sentimita 4 kutoka maji mpaka ukingo. Maana yake hata kila kitu kikishindwa, maboya yote mawili na rilei, ndoo nzima inaingia ndani na hakuna tone sakafuni. Hiyo ndiyo kinga ninayoiamini kwa sababu haina waya wala sumaku, ni ukubwa wa ndoo tu. Gharama yake ni kwamba kila siku ya tatu lazima nijaze ndoo, na kwangu hiyo si hasara, ni siku ambayo lazima nilitazame tanki kwa macho yangu.

Na pampu nayo nimeifanya dhaifu makusudi. Mrija wa kutolea maji ni uleule wa dripu na kigurudumu chake, kwahiyo hata ikiwaka inasukuma kidogokidogo, maji mapya yanachanganyika kabla hayajalifikia tumbawe lolote. Ncha ya mrija iko juu ya maji haizami. Hili la mwisho usilipuuze: ndoo yangu iko chini ya tanki, ncha ikizama pampu ikizima maji ya tanki yanarudi yenyewe kwenye ndoo mpaka inafurika, na ukiweka ndoo juu ya tanki inakuwa kinyume chake, yanashuka bila kuitwa.

Maji yenyewe nakinga mvua kwa turubai la plastiki lililosafishwa, sio bati, mabati yana zinki na wadudu wa baharini wasio na mifupa hawaiwezi. Mvua ya kwanza naiacha ipite na vumbi lake. Kipindi cha kusi mvua hakuna, nanunua yale yaliyochujwa kwa RO, yaani yaliyosukumwa kwenye utando unaozuia chumvi, na napima na kipimo cha TDS kabla, kile kinachoonyesha vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, nataka isome sifuri au karibu. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi watu wananiambia niyatumie, ni kweli hayana chumvi lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba kwa matumbawe ni sumu.

Nikiwa nafunga boya leo nimewaza sana kuhusu nje. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda matumbawe ya pwani hii yetu yalipauka, na 2024 tena joto likapausha miamba dunia nzima. Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay hapa Mtwara tunayo tangu 2000, inazuia mabomu, inazuia watu kung'oa, lakini joto halina geti. Ndani ya lita 60 mimi naweza kushikilia chumvi isitikisike na nyuzijoto zisipite 27, kwa feni na ndoo. Kule Msimbati, ndani ya hifadhi, hakuna wa kuweka feni. Sina suluhisho la hilo, linaniuma tu.

Kuna jambo moja bado nalipima. Wenye matumbawe magumu wengi wanachanganya chokaa kwenye maji ya kujazia, kila tone linalorudi linarudi na kalsiamu ya kujengea. Inanigusa, maana huku kwetu miaka mingi mkondo ulikuwa wa kinyume, tumbawe linachomwa linakuwa chokaa ya nyumba. Lakini maji ya chokaa iliyokolea yana pH, kipimo cha ukali wa magadi, ya zaidi ya 12, na hapo hesabu yangu yote ya ndoo inavunjika, lita 5 hizo zikiingia kwa usiku mmoja sio kujikunja tena, ni kufa. Kwahiyo kama nitaleta matumbawe magumu, nayo yapo yote kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, lazima yaje na karatasi zake, chokaa itakuwa na dripu yake peke yake, kidumu cha nusu lita, bila pampu. Kesho natafuta mrija mwingine, na wavu wa maboya nataka wenye matundu madogo zaidi, yule konokono mdogo kabisa bado anapenya.