Usizisawazishe waya za kigunduzi

Ukiiga kigunduzi cha chembe kwa kompyuta ili kujua mioni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) zinasimama wapi, njia ya mkato inayovutia ni kuchukua safu ya waya za tangisteni na kuisawazisha, yaani kuigeuza karatasi moja nyembamba ya tangisteni yenye uzito uleule. Wastani utatoka sawa, ila picha itakuwa ya uongo.

Chukua waya za kipenyo cha mikromita 20, zilizopangwa kila milimita 2. Zikisawazishwa, kila mioni inapita kwenye 0.30 mg/cm² (miligramu za tangisteni kwa kila sentimita ya mraba), kiasi kidogo mno. Kwa hali halisi, 99% hazigusi waya kabisa, na ile 1% inayogusa hupita hadi 39 mg/cm² ikigonga katikati. Kwa mioni yenye nishati ya MeV 4 (elektronivolti milioni nne) hiyo si kidogo: inasimama mapema na pia inapindishwa pembeni. Ndiyo maana mchoro wa kina cha kusimama huota mkia upande wa kina kifupi, mkia ambao karatasi haiwezi kuuonyesha.

Kwenye Geant4, programu ya kuiga mwendo wa chembe, umbo la silinda liitwalo G4Tubs hupokea nusu kipenyo na nusu urefu. Ukiweka nusu kipenyo cha mikromita 20 badala ya 10, tangisteni inakuwa mara nne. Ndani ya waya weka kikomo cha hatua ambazo programu humsogezea mioni, mikromita 2 hivi, maana hatua ndefu huharibu hesabu ya mtawanyiko, yaani jinsi mioni inavyopindishwa. Tawanya pia mahali mioni zinapoanzia. Miale yote ikipita mstari mmoja, ama zote zitagonga waya ama hakuna hata moja. Mioni 100,000 zitakupa migongano kama 1,000 tu kwa kila safu, yaani kosa la takwimu la 3%.