Benki ya kuni: kupasua ndiyo sehemu rahisi

Hapa Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, nyumba nyingi za vijijini hupashwa joto kwa jiko la kuni. Zipo familia ambazo ikifika Februari rundo limekwisha na pesa za kununua jingine hazipo. Benki ya kuni ipo kwa ajili ya hao: watu wa kujitolea hukata, hupasua na kugawa bure. Mimi nasimamia uwanja mmoja karibu na Lewiston, na wenzangu wengi ni Wakongo na Warundi ambao shoka hawakuanza kulishika hapa. Nguvu za kupasua hazijawahi kutupungukia. Linaloamua kama kuni zetu zitamfaa mtu ni ukavu, na ukavu ni suala la kalenda: kinachopasuliwa Aprili hii ni cha baridi ijayo, na mwaloni mwekundu mara nyingi ni wa baridi itakayofuata hiyo.

Magogo hatununui. Wakata miti hulipia mahali pa kumwaga magogo, hivyo ukiwapa uwanja wenye ardhi ngumu na nafasi ya lori kugeuza, wanakuletea wenyewe. Theluji inapoyeyuka, Machi na Aprili, uwanja ni tope tupu na lori hunasa, kwa hiyo tunapokea ardhi ikiwa bado imeganda. Magogo yanalazwa juu ya miti miwili ya kuegemea; yakikaa chini moja kwa moja yanagandamana na ardhi, na msumeno utakula mchanga.

Si kila gogo linapokelewa. Tunakataa mbao zilizotiwa rangi au dawa, na miti ya kando ya ua ambayo imemeza misumari na waya. Gogo lililozungukwa na poison ivy, mmea wa sumu unaotambaa wenye manyoya, halichomwi kabisa, maana moshi wake huumiza mapafu. Sheria ya jimbo inakataza kuingiza kuni kutoka nje ambazo hazijapitishwa kwenye joto la kuua wadudu, na ina sababu: yupo mdudu wa kijani anayetoboa na kuua miti ya ash, aliyegunduliwa Maine mwaka 2018. Mialoni nayo ina viwavi ambao vinyweleo vyao vinawasha ngozi na kubana pumzi, na sumu hiyo hudumu miaka kadhaa hata kiwavi akishakufa. Mialoni ya aina hiyo tunaikata siku yenye unyevunyevu, vinyweleo visipeperuke, tena kwa barakoa.

Urefu wa kipande ni inchi 16, yaani sentimita 40 hivi. Tunatembea na fimbo ya kipimo na chupa ya rangi, tunatia alama gogo zima, ndipo msumeno uwashwe. Anayekata hukata karibu robo tatu ya unene, gogo linaviringishwa, anamalizia upande wa pili. Hivyo mnyororo haugusi ardhi. Ukiona msumeno unatoa unga badala ya vibanzi, simama upige tupa, kwa sababu mnyororo butu hukulazimisha kukandamiza, na hapo ndipo ajali huanzia. Ncha ya juu ya upanga wa msumeno isiguse kitu, la sivyo msumeno utarusha teke kuelekea usoni. Wanaoshika msumeno ni wachache waliofunzwa, wenye kofia, kinga ya masikio na suruali ya kujikinga. Vijana wadogo hawagusi msumeno wala mashine.

Mashine yetu ya kupasulia, ya haidroliki, ina nguvu ya tani 25. Kanuni yake ni mtu mmoja: anayeweka gogo ndiye anayevuta mpini. Wakigawana, mmoja mpini na mwingine gogo, mpini utavutwa siku moja kabla mkono haujatoka. Gogo lililokatwa mshazari huteleza na kuruka, kwa hiyo ukataji mbaya unamwadhibu mpasuaji.

Shoka zito la kupasulia, kilo 3 hadi 3.5, bado lina kazi, hasa siku za baridi kali. Kuni zilizoganda hupasuka kwa urahisi kuliko za kiangazi. Kigogo cha kupasulia kiwe cha kimo cha goti, na juu yake tufunge tairi kuukuu: gogo linakaa ndani, vipande havirukii miguu, huinami kila mara. Piga ukingoni, ukifuata nyufa zilizopo, fundo likiwa upande wa chini. Mti wa elm usihangaike nao kwa mkono, nyuzi zake zimesukana. Upeleke kwenye mashine.

Kazi hukwama kwenye kupanga, na ndiko ninakoweka watu wengi zaidi. Kuni zilizotupwa rundo moja zinaoza katikati. Tunapanga juu ya paleti, safu yenye upana wa kipande kimoja, kimo futi 4, urefu futi 8, ncha zikipishanishwa ili safu isimwagike. Safu tatu za namna hiyo ni kordi moja, futi za ujazo 128. Turubai hufunika juu tu. Ukifunika na pande, umefungia unyevu ndani. Msonobari hukauka kwa kiangazi kimoja, ash kati ya miezi sita na mwaka, mwaloni hadi miaka miwili, basi kila safu ina kibao cha aina ya mti na mwezi iliyopasuliwa.

Kabla ya kugawa tunapima. Chukua kipande, kipasue upya, choma pini za kipima unyevu kwenye uso wa ndani. Asilimia 20 au chini yake, kinatoka. Ukipima nje utadanganyika. Kuni mbichi hazipashi nyumba, na moshi wake huacha lami ndani ya dohani, ambayo siku ikishika moto inaweza kuondoka na nyumba.

Kordi ya mwaloni mbichi huzidi tani 2, hivyo hata zilizokauka tunapeleka nusu kordi kwa pikapu moja. Anayeomba namuuliza mambo mawili kwa simu: mlango wa jiko lake unaingiza kipande cha urefu gani, na dohani ilisafishwa lini. Kwa ndugu zetu waliozoea mafiga matatu, ambako unasukuma ukuni taratibu, tunabaki dakika chache kuwaonyesha jiko la chuma: hewa wazi mwanzoni, vipande vyembamba kwanza, na kutobana hewa usiku kucha kwa nia ya kufanya kuni zidumu, maana kubana huko pia hujaza lami.