Mbuzini kabla ya magharibi

Umeme ulikatika Ramadhani iliyopita, saa kumi na nusu jioni, nazi zishavunjwa na blenda iko mezani. Mke wangu hakulalamika. Alipanda kigoda, akaiteremsha mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu bibi kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi na kuiweka mbele ya kijana wetu. Kijana akaigeuza, akaugusa ulimi wake kwa ncha ya kidole, akauliza, "Baba, kwani hii mtu hukaa vipi?"

Nikamwonyesha. Magoti yaligoma, mikono ikakumbuka. Harufu ya nazi ilipopanda tu, nikajiona niko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, uani kwa bibi, mwaka 1979, nimefunga, na ami yuko mlangoni.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Julai na Agosti, wakati wa kusi, kwa hivyo kiu haikututesa sana. Daraja jipya la Nyali lilikuwa bado. Malori ya nazi yakija kutoka Kilifi yalivuka kwenye lile la zamani lililoelea majini, ndipo nazi zifike sokoni Marikiti. Dada zangu walikuwa washaolewa, mmoja Malindi, mmoja Likoni. Mama alikuwa ndani na arobaini ya kitinda mimba wetu. Kazi zote zikaniangukia mimi: kuchota maji kisimani mfereji ulipokauka, kupepea seredani, kuchagua mchele, kufagia ua kwa ufagio wa chelewa. Nilizifanya na hakuna aliyenicheka, maana wavulana wenzangu pia walitumwa. Nazi ilikuwa habari nyingine. Mbuzini hukaa wanawake, na hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Bibi aliniita baada ya alasiri. "Ndoo hapa. Kaa kitako."

Yeye ndiye aliyevunja. Aliishika nazi kiganjani, akaipiga kwa mgongo wa panga huku akiizungusha, pigo la tatu au la nne ikapasuka katikati, maji yakamiminika bakulini bila kupotea hata tone. Yale maji! Yaliwekwa pale pale mbele yangu, yamepoa, na kipande cha kifuu kinaelea juu, nami sina ruhusa ya hata kuyanusa kwa karibu.

Nilikaa nikabana ubao kwa mapaja, sinia chini ya ulimi. Kukuna nazi si nguvu. Unaanza ukingoni, unazungusha kifuu kidogo kidogo kwa mikono miwili, ukingo ukiisha ndipo unaingia ndani. Ukikaza sana unafika kwenye ganda la kahawia, na tui linatoka na rangi ya maji ya mtaroni. Bibi hakuwa akitazama. Alikuwa akisikiliza. Mlio ukiwa laini alinyamaza. Ukianza kukwaruza, alisema tu, "Ushafika mfupani," nami nikageuza. Chicha zilidondoka nyeupe na unyevu, nyingine zikanirukia vidoleni, na hapo ndipo mtihani wa saumu ulipo, kwa sababu mkono wa mtoto huenda mdomoni wenyewe. Nilizipangusa kwenye kikoi. Bibi akaona hilo pia, akasema kikoi hakikufunga, kwa hivyo nizirudishe siniani.

Kifumbu, kile kichujio cha ukili cha kukamulia tui, kilikuwa kimeshalowekwa. Alijaza chicha, akamwagia maji ya vuguvugu, akakisokota mpaka mishipa ya mkono ikamtoka. Kasimile, tui zito la kwanza, likawekwa kando, la kutiwa mwisho. Tui la pili na la tatu ndilo la kuchemshia mbaazi.

Nilikuwa kwenye nazi ya pili ami alipopiga hodi. Yule ami wa meli, aliyekuwa akirudi kila baada ya miezi na masanduku na maoni. Akasimama mlangoni pa ua, kofia mkononi.

"Mama, mtoto mwanamume wamtia mbuzini?"

Bibi hakuinua kichwa. Aliendelea kusokota.

"Huko melini mwapikiwa na nani?"

"Na mpishi."

"Mwanamume ama mwanamke?"

Ami akakohoa. "Yule yualipwa, mama."

"Na huyu atalipwa. Atakula."

Mimi nilikuwa nimesimamisha mikono, kifuu kikiwa kwenye ulimi, nikingoja mmoja wao aniambie niinuke. Ami alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo nashindwa kuipa jina: haikuwa dharau, wala huruma. Bibi akasema, "Mbona sisikii?" Nikaendelea.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Adhana ya msikiti wa Mandhry, tende, uji wa pilipili manga, mbaazi, wali. Ami alikula, akaongeza, akasema chumvi haba. Hakuna aliyelitaja lile la jioni.

Huwa nasoma watu wakiwaandika bibi zao kana kwamba walikuwa wakipigania haki za watu kwa mwiko. Sina hakika na wangu. Siku mbili tatu baadaye jirani mmoja, mwanamke mwenye ulimi, alipiga hodi, na bibi huyo huyo akaninong'oneza, "Inuka, inuka upesi," akakaa yeye mbuzini na kukuna kana kwamba ndiye aliyeanza. Kwa hivyo alikuwa akiamini nini? Huenda aliona aibu kama watu wote, ila mbele ya mwanawe hakukubali kuamrishwa. Au alitaka tui tu, na mikono iliyokuwa karibu ilikuwa yangu. Mke wangu anasema nafikiri sana, bibi alikuwa na njaa.

Na ami naye ni fumbo lake. Kesho yake, kabla ya alasiri, tulikuta mlangoni nazi nne zishafuliwa makumbi, zimefungwa kwa kamba ya usumba kwa fundo la kibaharia. Hakuingia, hakupiga hodi. Labda ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Labda alitaka tui la siku ile lizidi uzito. Bibi alizifungua, akazitikisa moja moja sikioni, ya tatu akaitupa kando.

"Hii haina maji. Miaka yote baharini, na nazi hajui kuchagua." Kisha akaivuta mbuzi kwa mguu, akaniita.