Shampeni na juisi ya pasheni: jinsi nilivyodhibiti povu

Kila tulipochanganya shampeni na juisi ya pasheni kwenye sherehe za nyumbani hapa Dar es Salaam, povu lilipanda likamwagika mezani, na kilichobaki kwenye glasi kilikuwa kimepooza. Inauma kuona chupa ya bei kubwa ikinywewa na kitambaa cha meza!

Chanzo ni joto na chembechembe. Gesi hutulia kwenye kinywaji baridi. Kikipata joto, inatoka kwa kasi. Nazo nyama za tunda na chenga za sukari huipa mahali pa kujikusanyia, mapovu yakafumka yote kwa mpigo.

Basi sasa juisi naichuja kwa kitambaa chepesi, naikoleza kwa shira badala ya sukari kavu, kisha inalala kwenye friji pamoja na chupa. Kabla ya kufungua, chupa naizamisha dakika 20 hadi 30 kwenye ndoo ya barafu na maji. Maji yasikosekane, maana ndiyo yanayoigusa chupa pande zote.

Juisi inatangulia, theluthi ya glasi. Nainamisha glasi, namimina shampeni kidogo ubavuni, nasubiri povu litulie, ndipo najaza. Sikorogi, napitisha kijiko kirefu mara moja tu kutoka chini.

Giuseppe Cipriani wa Harry's Bar, Venice, aliyebuni kinywaji cha Bellini, alichanganya pichi nyeupe na Prosecco, mvinyo wa Italia wenye mapovu. Kwa tunda kali kama pasheni, nami naona Prosecco inatosha kabisa. Shampeni halisi ya Ufaransa inywewe yenyewe. Wasiokunywa pombe nawatengenezea vivyo hivyo kwa maji ya soda.