Siku moja wodini: presha inapofika kwenye ubongo

Saa 1 asubuhi

Napokea wodi kutoka kwa wenzangu wa zamu ya usiku. Kwenye faili la mzee mmoja aliyelazwa alfajiri pameandikwa: "Amechanganyikiwa. Umri mkubwa." Basi, hakuna zaidi. Namwomba muuguzi tukampime upya kabla ya raundi, maana umri haumvurugi mtu akili kati ya chakula cha jioni na alfajiri. Maambukizi yanaweza, na vilevile sukari iliyoshuka, chumvi iliyopungua kwenye damu, dawa mpya, mkojo ulioziba, kiharusi au presha. Kwake ni sukari iliyoshuka: 2.4. Anapewa glukosi ya mshipani, na muda si mrefu anatuuliza yuko wapi.

Saa 2 na nusu

Naitwa mapokezi ya dharura. Mama wa miaka sabini na kitu ameletwa na binti yake. Jana mchana alikuwa mzima. Jioni kichwa kikaanza kumuuma, usiku akatapika, na asubuhi akawa anajigonga kwenye mlango na kumwita binti jina la dada yake. Njiani mwili mzima ulikakamaa ukaanza kutetemeka, dakika mbili hivi.

"Daktari, ndiyo ameanza kupoteza kumbukumbu? Kaka anasema ni uzee."

Namwambia kwamba ugonjwa wa kusahau wa uzeeni hujengeka kwa miezi na miaka, hauingii kwa usiku mmoja.

Presha yake ni 224 juu ya 126. Tunarudia kwa mkono wa pili, kwa mkanda unaomtosha, na haitofautiani sana. Sukari ni ya kawaida. Mdomo haujapinda, na mikono yote miwili anainyanyua. Nikipitisha kidole mbele ya macho, hakifuati. Nikimulika tochi, mboni zinasinyaa vizuri kabisa. Hapo ndipo moyo wangu unapopiga kasi. Macho yenyewe ni mazima, na njia inayosinyaza mboni haipiti kisogoni. Kilichozimika ni sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayotafsiri kinachoonekana.

Saa 3

Kabla ya kushusha presha namkimbiza mama kwenye CT, kipimo cha picha ya kichwa, kwa sababu kiharusi cha damu kuganda kina masharti tofauti: huko mara nyingi presha huachwa juu kidogo ili damu iendelee kufika kwenye eneo lililobanwa. Picha haionyeshi damu iliyovuja wala jeraha kubwa. Sasa tunaanza labetaloli ya mshipani, kidogo kidogo, na kipimo cha presha kila baada ya dakika tano.

Hapa ndipo ninapowasisitizia sana madaktari wanafunzi. Mtu akiona 224 hutamani kuona 120 palepale. Ubongo wa mgonjwa wa presha ya miaka mingi umezoea kuishi juu, na mishipa yake imejipanga kwa kiwango hicho. Ukiishusha ghafla, damu haifiki, na unamtengenezea kiharusi ambacho hakuja nacho. Katika saa ya kwanza hatushushi zaidi ya robo ya wastani wa presha aliyokuja nayo. Kwa mama huyu lengo ni kama 180 juu ya 100, kisha 160 ndani ya saa chache zinazofuata, na kilichobaki tunakishusha taratibu kwa siku moja au mbili. Kidonge cha nifedipini cha kupasua na kuweka chini ya ulimi hakitumiki hapa, kwa sababu huangusha presha bila kipimo. Kwa degedege anapata lorazepamu, kisha levetirasetamu.

Saa 5

Picha za MRI zimetoka. Kisogoni, kulia na kushoto, kuna mawingu meupe ndani ya ubongo. Picha zinazopima mwendo wa maji zinaonyesha kwamba maji yamezagaa nje ya chembe hai, na chembe zenyewe hazijafa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya uvimbe unaoweza kunywea na jeraha la kudumu.

Mishipa ya ubongo hujibana presha inapopanda na kulegea inaposhuka, ili damu ipite kwa kiasi kilekile. Presha ikizidi uwezo wao, hulazimika kupanuka, kuta zinavuja, na maji ya damu yanaingia kwenye ubongo. Mishipa ya nyuma ina neva chache za kuibana kuliko ya mbele, ndiyo maana kisogo huathirika kwanza. Madaktari Oppenheimer na Fishberg waliuandika ugonjwa wa ubongo wa presha mwaka 1928. Mwaka 1996 Hinchey na wenzake wakachapisha wagonjwa 15 katika New England Journal of Medicine, na dalili hizi zikapata jina la Kiingereza, reversible posterior leukoencephalopathy syndrome, linalotaja kisogo na kurudi kwa afya. Nalipenda jina hilo kwa matumaini yake, ingawa lina mitego miwili. Si kila mara huishia nyuma, na si kila mara hurudi: ukichelewa, damu inaweza kuvuja au sehemu ikafa.

Saa 7 mchana

Naketi na binti na mfuko wa dawa za mama yake. Naomba kila kitu, hata alichopewa na jirani. Dawa za presha ziliisha wiki kadhaa zilizopita, na mama akasema anajisikia vizuri, hana haja nazo. Klonidini ni mojawapo, na ukiiacha ghafla presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kuna pia diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, asubuhi na jioni, ambayo inapandisha presha na kuelemea figo. Majibu ya maabara yanaonyesha figo zimechoka.

Binti analia, anasema angepaswa kujua. Nakaa naye. Presha haiumi, na dawa za kila siku zinachosha hata vijana.

Saa 9

Raundi ya haraka. Kuna mgonjwa aliyepandikizwa figo na anatumia takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo hiyo, aliyepata hali hiyohiyo wiki iliyopita presha yake ikiwa imepanda kidogo tu. Dawa hiyo yenyewe inaweza kudhuru kuta za mishipa. Leo anasoma gazeti bila shida. Dawa ilibadilishwa kwa makubaliano na madaktari wa figo.

Saa 11 jioni

Presha ya mama ni 166 juu ya 92. Degedege halijarudi. Anaona mkono ukipita, vidole bado hawezi kuhesabu. Anamwita binti kwa jina lake, halafu anamuuliza mbona amevimba macho. Nawaeleza wote wawili kwamba kuona kunaweza kuchukua siku kadhaa, pengine wiki, na picha ya ubongo huchelewa kusafika kuliko mgonjwa anavyopona.

Saa 12

Nakabidhi. Kwa mama: presha kila nusu saa, isishuke chini ya 150 usiku huu. Akisinzia kupita kiasi, upande mmoja ukilegea au akitetemeka, niitwe hata kama zamu imekwisha. Diklofenaki imefutwa. Vidonge vya presha vinaanza kesho kwa mdomo akishameza salama, na kabla ya kuruhusiwa apimwe amelala na amesimama, kwa sababu mzee anayeanguka kwa presha iliyoshuka naye tutampokea hapahapa. Kwenye faili, palipokuwa na nafasi ya sababu ya kuchanganyikiwa, nimeandika kwa herufi kubwa: PRESHA. INATIBIKA.