Namna nilivyorudishiwa nauli zilizokuwa zikipotea kwenye kadi yangu

Kwa muda wa wiki sita hivi nilikuwa nikiongeza salio kwenye kadi yangu ya nauli mara nyingi kuliko nilivyozoea, ilhali safari zangu zilikuwa zilezile: basi asubuhi, kisha treni, na jioni njia hiyohiyo ya kurudi. Nilidhani kadi imechakaa, kwani nilikuwa nayo kwa miaka minne na kona yake moja ilikuwa imepinda. Kabla ya kuibadilisha niliamua kuomba orodha ya safari zake zote, na nashukuru kwamba nilifanya hivyo, maana kadi mpya isingeponya chochote.

Karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kituoni ilionyesha tarehe, saa, kituo na kiasi kilichokatwa. Niliipitia mstari kwa mstari, kalamu mkononi, nikakuta safari tano zenye mwanzo bila mwisho: saa ya kuingia ipo, kituo cha kuingia kipo, lakini sehemu ya kutoka ni tupu, na kiasi kilichokatwa ni nauli ya juu kabisa, kwa sababu mtambo usipojua umeshukia wapi hukutoza kana kwamba umekwenda mbali. Safari zote tano zilikuwa za kwenda kituo kimoja kidogo kisicho na mageti, ambako kisomaji cha kadi kimefungwa kwenye nguzo kando ya ngazi. Penye geti usipogusisha kadi hupiti. Penye nguzo unapita tu, na hakuna anayekuita.

Hata hivyo, nilikuwa na hakika kwamba nilikuwa nikigusisha kila siku. Ndipo nilipoanza kujifunza kinachotokea katika mguso huo. Kadi hizi hazina betri. Nilipoiweka yangu mbele ya tochi, niliona kivuli cha waya mwembamba uliozunguka kingo zake mara kadhaa; waya huo hupokea nguvu kutoka kwenye kisomaji kwa masafa ya megahezi 13.56, kwa umbali usiozidi sentimita 10 hivi, na nguvu hiyo ndiyo inayoiamsha chipu. Chipu na kisomaji huthibitishana kwa funguo za siri, salio husomwa, kisha taarifa mpya huandikwa. Yote hayo huchukua chini ya nusu sekunde, na kwa kadi ya Suica, iliyoanza kutumika Tokyo mwaka 2001, huchukua takriban sekunde 0.2. Ni muda mfupi, lakini si sifuri: ukiondoa kadi kabla kazi haijakamilika, huenda hakuna kitakachoandikwa. Mimi nilikuwa nikipitisha pochi nzima juu ya kisomaji huku nikitembea, nikichukulia kwamba mlio niliousikia ni wangu, kumbe huenda ulikuwa wa mtu wa mbele yangu.

Zaidi ya hayo, ndani ya pochi hiyo kadi ya nauli ilikuwa imelala mgongo kwa mgongo na kadi ya benki, ambayo nayo hulipa kwa kugusa. Mabasi ya London yalianza kupokea kadi za benki za namna hiyo Desemba 2012, na mitandao mingi ya usafiri imefuata njia hiyo, kwa hiyo kisomaji kinaweza kuichukua kadi yoyote kati ya mbili zilizo mbele yake. Nilifungua taarifa ya benki nikailinganisha na orodha yangu. Siku tatu kati ya zile tano, dakika chache baada ya treni kufika, kadi ya benki ilikuwa imefunguliwa safari mpya kwenye nguzo ileile, nayo haikuwa na mwisho. Nilikuwa nimetozwa nauli ya juu mara mbili kwa safari moja.

Mhudumu wa dirishani aliniambia kwanza, “Kadi hii imekwisha, ndugu yangu, chukua nyingine.” Nilipoziweka karatasi mbili ubavuni kwa ubavu na kumwonyesha saa zinavyofuatana, alinyamaza, akavuta kiti, akaanza kuandika madai. Fedha za kadi ya benki zilirudi moja kwa moja kwenye akaunti, kwa kuwa kadi hiyo ni kitambulisho tu na hesabu hufanywa na kompyuta za mbali. Za kadi ya nauli ilibidi nizifuate: salio huishi ndani ya kadi yenyewe, hivyo nilichagua kituo ninachopitia kila siku, na nilipogusisha hapo ndipo zilipoandikwa.

Ninaamini kwa dhati kwamba safari isiyo na mwisho ingepaswa kumfikia msafiri siku hiyohiyo kwa ujumbe, badala ya kumsubiri aombe orodha, kwa sababu wengi, hasa wazee, hawataiomba kamwe.

Sasa kadi ya nauli ina mfuko wake peke yake. Nikifika kwenye nguzo ninasimama, ninailaza bapa juu ya kisomaji, na siiondoi mpaka taa ya kijani iwake. Orodha ya mwezi uliopita ilikuwa imejaa pande zote mbili, mstari kwa mstari, na kadi ni ileile yenye kona iliyopinda.